Tangi la furu lililoishiwa nguvu: shajara ya kurekebisha maji, Mwanza

Tangi ni la kioo, sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Ukitoa mchanga na mawe, maji halisi ni kama lita 200. Liko Pasiansi, sebuleni, mbali na dirisha. Ndani wanaishi furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wa miambani, wale ambao wavuvi wa huku huwaita mbipi, na baadhi yao ni nyererei, aina iliyopewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Kaka yangu aliwapata mwaloni, ambako furu hai huuzwa kama chambo cha ndoano za sangara. Alipohamia Dodoma kikazi, tangi likabaki na watu waliokuwa wakiongeza maji yakipungua, basi. Maji hayakubadilishwa.

Naandika haya kwa ajili ya mwenye tangi lililochoka kama hili. Ziwa letu lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Sangara waliletwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya furu ilikuwa haionekani tena kwenye nyavu. Nikimwona mmoja anahema kwenye kona ya kioo, siwezi kusema ni samaki tu.

14 Juni 2025: vipimo vya kwanza

Nimenunua vipimo vya matone kwenye duka la pembejeo za ufugaji wa samaki, wanakonunua watu wa vizimba. Vile vya karatasi ni rahisi zaidi, ila havionyeshi vizuri kiwango kikiwa chini, na hapa tatizo liko chini kabisa.

Tangi: pH, yaani kipimo cha asidi (chini ya 7 ni asidi), 5.9. Amonia yote kwa pamoja miligramu 4 kwa lita. Naitraiti sifuri. Naitreti zaidi ya 100. Alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, tone la kwanza tu limebadili rangi, kwa hiyo hakuna kitu.

Maji ya bomba: pH 7.6, alkaliniti miligramu 50 kwa lita, amonia sifuri.

Samaki wamepauka. Madume ya nyererei, ambayo mgongo unatakiwa kuwaka mwekundu, yamekuwa ya kijivu kama majike. Wanakula kidogo, wengine wamekunja mapezi.

Maana ya namba hizi ni hii. Samaki hutoa amonia, na bakteria wa kwenye sponji ya kuchuja maji na mchanga huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Kazi hiyo huzalisha asidi. Kila gramu 1 ya naitrojeni inayogeuzwa hula zaidi ya gramu 7 za alkaliniti. Alkaliniti ikiisha, pH inaporomoka, na ikifika karibu na 6 bakteria hao wanakaribia kusimama kabisa. Hapo amonia inaanza kurundikana. Naitraiti sifuri katika tangi hili si habari njema, ni dalili kwamba kazi imesimama.

Na ziwa letu halina akiba kubwa ya kuanzia. Maji mengi ya Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na miamba ya Mwanza ni graniti, haina chokaa ya kuyeyuka. Ukidondoshea siki kwenye jiwe la Mwanza halitoi povu hata kidogo. Kwa hiyo maji ya bomba, ambayo chanzo chake ni ziwa hilo hilo, huja na alkaliniti ndogo, na tangi lenye samaki wengi huimaliza upesi.

15 Juni: kwa nini sijapandisha pH leo

Kila niliyemwonyesha vipimo amesema jambo lile lile: pH iko chini, ipandishe. Ndilo kosa linaloweza kuua tangi zima kwa saa moja, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni amoniamu, ambayo samaki anaivumilia. Nyingine ni amonia huru, inayopenya matamvua na kumuua. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 6, amonia huru ni chini ya asilimia 0.1 ya amonia yote. Kwenye 7 ni kama asilimia 0.6. Kwenye 8 ni kama asilimia 5. Kwenye 9 inapita theluthi moja.

Tangi hili lina miligramu 4. Kwa pH ya sasa amonia huru haifiki hata 0.003, ndiyo maana samaki wako hai. Nikiipandisha hadi 8 kwa mkupuo, itakuwa karibu 0.2, na hapo naokota mizoga. Asidi ile ile inayowadhoofisha ndiyo inayowakinga kwa sasa.

Jirani yangu, mama mmoja anayepika makande ya kuuza, alinishauri magadi. "Mwanangu, kipande kidogo tu, maharage magumu yanalainika, sembuse maji." Sikumkatalia bure, nilipima. Nilichota lita 20 za maji ya tangi kwenye ndoo, bila samaki, nikayeyusha gramu 1 ya magadi. Dakika chache tu pH ikapita 9. Kwa amonia iliyomo, maji hayo yangekuwa sumu kamili. Tena magadi ya Afrika Mashariki yana floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Magadi nimeyaacha kwa makande, ambako hayana mpinzani.

Hivyo mpango ni kutoa amonia kwanza huku pH ikiwa chini, halafu ndipo nirudishe alkaliniti. Mpangilio huo haugeuzwi.

18 Juni: maji ya mvua

Shida ya mpango huo ni kwamba hata maji ya bomba yenyewe hupandisha pH. Katika maji yasiyo na alkaliniti kabisa, ndoo 1 tu ya maji yenye 50 inatosha kuisogeza hadi 7 na ushee. Nimejaribu kwenye ndoo nikaona hivyo hivyo: sehemu 1 ya bomba kwa sehemu 9 za tangi, jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya pampu, likachemka humo usiku kucha, asubuhi pH ikasoma 7.2.

Jawabu nimelipata kwenye simtanki la mzee wa nyumba ya pili, lililojaa wakati wa masika. Nilimwendea jioni. "Shikamoo mzee, naomba maji yako ya mvua, ni kwa ajili ya samaki." Akaniuliza kama samaki wamekuwa wageni kiasi cha kuchagua maji, kisha akanipa ruhusa.

Maji ya mvua hayana alkaliniti, kwa hiyo yanapunguza amonia bila kuisukuma pH. Ya mzee yamesoma 6.2. Angalizo moja kubwa: paa lake ni la vigae vya udongo. Maji yaliyopita kwenye bati jipya lisilopakwa rangi yanaweza kubeba zinki, na zinki katika maji mepesi, yaani yenye madini machache, ni hatari kwa samaki. Kama nyumba yako ni ya bati la namna hiyo, usitumie.

Kwa kuwa mvua haina madini yoyote, natia gramu 2 za chumvi ya kupikia kwenye kila ndoo ya lita 20. Naweka ndoo 1 asubuhi na 1 jioni, nikitoa kiasi kile kile kwa mpira chini ya mchanga. Chakula nimekipunguza hadi mara chache kwa wiki.

22 Juni: kuhusu kuchota ziwani

Wengi wataniuliza: ziwa liko pale, kwa nini usichote tu? Nilikwenda Bwiru na vipimo. Jioni, maji ya ufukweni yalisoma pH 9.0. Asubuhi yake, pale pale, 7.8. Mwani unapofanya kazi juani hunyonya kaboni dayoksaidi na pH hupanda, usiku hurudi. Ukichota saa 10 jioni ukamimina kwenye tangi lenye amonia, umefanya kazi ya magadi.

Mwenye kulazimika achote alfajiri, mbali na sehemu zenye utando wa kijani, avae buti za mpira kwa sababu ya kichocho, na ayaache maji kwenye pipa kwa saa 48 kabla ya kuyashika kwa mkono. Vijidudu vya kichocho vilivyotoka kwa konokono haviishi zaidi ya hapo bila kupata mtu.

29 Juni: amonia imeshuka, alkaliniti inaanza

Amonia 0.5. Naitreti imeshuka hadi karibu 15. pH 6.1, yaani haijatikisika, kama ilivyokusudiwa. Kuna samaki waliokufa katika kipindi hiki, wale waliokuwa wamekonda mno tangu mwanzo. Waliobaki wameanza kuogelea katikati ya tangi.

Sasa bikaboneti ya soda, beking soda ya dukani. Si beking pauda: hiyo imechanganywa na asidi inayoifuta kazi. Hesabu yake ni nyepesi: gramu 6 katika lita 200 huongeza alkaliniti kwa 18. Mimi naweka gramu 3 kwa siku, nimezikoroga kwenye jagi la maji ya tangi, nazimimina taratibu juu ya jiwe la hewa.

Jambo la kujua ni kwamba dozi ya kwanza ndiyo inayorusha pH mbali kuliko zote. Kutoka 6.1 ilikwenda 7.1 kwa gramu 3 tu. Dozi ya pili imeifikisha 7.4. Baada ya hapo inasogea kwa kuvuta miguu. Anayeona ule mruko wa kwanza hushtuka na kuacha, au huona kazi imekwisha. Zote mbili si sahihi. Ninachofuata ni alkaliniti ifike 70, pH itajipanga yenyewe.

8 Julai: naitraiti

Alkaliniti 70, pH 7.9. Bakteria wameamka: amonia 0.25 na inashuka. Lakini naitraiti imefika 3, kwa sababu kundi la pili la bakteria hukua polepole kuliko la kwanza. Jana samaki walikuwa juu wakihema, matamvua yana rangi ya hudhurungi. Naitraiti huingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, kwa hiyo samaki anakosa pumzi hata maji yakiwa na hewa ya kutosha.

Tangu nimerudi kwenye maji ya bomba, chumvi ya mwanzo imekuwa ikipungua kila ninapobadilisha maji. Nimeongeza gramu 20. Kloridi iliyo kwenye chumvi hushindana na naitraiti mlangoni mwa matamvua. Kufikia jioni walikuwa wameshuka chini. Atakayefuata njia hii apime chumvi upya anapotoka kwenye mvua kwenda kwenye bomba, asisubiri kuhema.

Maji ya bomba yana klorini. Nayaacha kwenye pipa lililo wazi, pampu ya hewa ikichemsha, kwa siku nzima kabla ya kutumia.

19 Julai: makombe

Naitraiti sifuri, amonia sifuri. Mzunguko umerudi.

Sitaki kupima bikaboneti kila siku maisha yangu yote. Nimetafuta kitu kinachoyeyuka chenyewe pale tu maji yanapoanza kuwa na asidi, na hicho ni kalsiamu kaboneti. Mchanga wa matumbawe wa pwani sitaki hata kuusikia. Matumbawe yabaki baharini. Kirumba, kwenye maduka ya chakula cha mifugo, wanauza makombe ya konokono yaliyosagwa kwa ajili ya kuku wa mayai. Muuzaji alinitahadharisha kwa wema: "Dada, hii ni ya kuku, samaki hawatagi maganda."

Nilidondoshea siki, yakatoa povu la kutosha. Nikayaosha, nikayachemsha, nikayafunga kwenye neti ya vitunguu na kuyaweka nyuma ya mawe yasionekane. Yalipokaa pale hayakufanya lolote. Alkaliniti iliendelea kushuka kama vile hayamo, na nilipoitoa neti nikakuta makombe yamevaa utando wa ute. Kwenye kona maji hayatembei, na utando ukishaziba, chokaa haigusani na maji.

Nimeiosha neti na kuihamishia moja kwa moja kwenye njia ya maji ya sponji, mahali ambapo mtiririko unapita katikati yake. Tofauti imeonekana. Usitumie chokaa ya kupaka ukuta kwa kazi hii. Ile hupandisha pH kama magadi na zaidi.

2 Agosti: umeme

Umeme ulikatika usiku, ukarudi asubuhi. Hili ni jambo la kawaida na lazima liwe ndani ya mpango, si nje yake.

Mwanza iko juu, usawa wa ziwa ni zaidi ya mita 1,130 kutoka baharini. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa huku hushika kama miligramu 7.2 za oksijeni kwa lita, wakati pwani yangeshika 8.2. Tunaanza usiku tukiwa na upungufu. Pampu ikisimama, samaki na bakteria wanagombea kilichopo, na sponji iliyojaa uchafu ndiyo inayokosa hewa mapema. Ukiiwasha pampu asubuhi bila kuangalia, unasukuma maji yaliyooza ndani ya tangi.

Nilitoa sponji kabla ya kuwasha, nikaikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi, kamwe si ya bomba kwa sababu ya klorini, kisha nikairudisha. Amonia ilisoma 0.25 siku hiyo na ikaisha kesho yake. Nimenunua pampu ya hewa yenye betri, inayojiwasha umeme ukikatika. Katika vyote nilivyonunua, hiki ndicho ningekinunua kwanza kama pesa ingekuwa ya kitu kimoja.

23 Agosti: chakula

Alkaliniti inashuka kwa kasi kuliko nilivyokadiria. Nimefuatilia hadi kwenye chakula. Tulikuwa tunawapa dagaa wakavu waliotwangwa. Dagaa ni protini tupu, na unga wake mwingi unazama mchangani kabla haujaliwa, unaoza na kutoa amonia kama kawaida.

Piga hesabu hii kwa tangi lako. Gramu 3 za chakula chenye protini asilimia 40 zina naitrojeni kama gramu 0.19. Tuseme nusu yake inatoka kama amonia, takriban gramu 0.1. Hiyo inakula alkaliniti gramu 0.7, ambayo katika lita 200 ni 3.5 kwa siku, karibu 25 kwa wiki. Maji mapya ya bomba yana 50. Kwa maneno mengine, bila kubadilisha maji wala kuongeza chochote, wiki 2 zinatosha kurudi tulikotoka. Kwa dagaa wa unga ni haraka zaidi.

Nimehamia kwenye punje ndogo za chakula cha sato, nalowanisha kwanza, nawapa kile wanachomaliza mbele ya macho yangu. Nabadilisha lita 50 kila wiki. Makombe yanafidia sehemu ya pengo, na kijiko kidogo cha bikaboneti kinakwenda kwenye pipa la maji mapya kabla hayajaingia tangini, si ndani ya tangi lenyewe.

14 Septemba: hali ya sasa na gharama

pH 7.9 asubuhi, 8.0 jioni. Alkaliniti inacheza kati ya 60 na 70. Amonia na naitraiti sifuri, naitreti 20.

Madume yamerudisha rangi, na kuna jike mwenye mayai mdomoni. Hali chakula, taya limetuna, anajificha chini ya jiwe la kushoto. Furu hawa hubeba mayai na watoto mdomoni kwa kama wiki 3. Natayarisha ndoo pana ya kumtenga, nimeijaza maji ya tangi hili hili na si mapya, ili asikutane na pH tofauti akiwa na mzigo.

Nimebadilisha pia taa. Ile ya zamani ilikuwa ya rangi ya chungwa iliyofifia. Watafiti waliofanya kazi ziwani huku waliandika mwaka 1997 kwamba maji yanapochafuka na mwanga ukafifia, majike hushindwa kutofautisha madume mekundu na ya buluu, na aina zinaanza kuchanganyika. Sasa nimeweka taa nyeupe ya kawaida, saa 8 kwa siku. Tangi langu lina aina zinazokaribiana, na sitaki zichanganyike.

Gharama hadi leo: vipimo vya matone shilingi 78,000. Pampu yenye betri 42,000. Chakula cha sato kilo 1, shilingi 6,000. Bikaboneti 3,000. Makombe kilo 2, shilingi 1,600. Chumvi 500. Jumla 131,100. Maji ya mvua nilipewa, na mzee ameomba watoto wa furu wakishatoka mdomoni, nimemkubalia.

Kwa wanaoanza kule Igoma, Nyegezi au popote mjini: nimeweka sponji ya pili ndani ya tangi hili tangu mwanzo wa Agosti ili ijae bakteria. Ukiihamisha ikiwa mbichi, kwenye mfuko wenye maji ya tangi na bila kuchelewa njiani, tangi jipya halianzi kutoka sifuri. Hii ya kwanza inakwenda kwa mzee. Ya kufuata naitia wiki hii.